Nyumba kuukuu Mwanza: chumba kwa chumba au mkupuo mmoja?

Anayenunua nyumba yake ya kwanza Mwanza kwa fedha za kuungaunga mara nyingi haangukii nyumba mpya ya Buhongwa. Anapata ya zamani kule Kirumba, Mabatini au Igogo: tofali za kuchoma, bati lililogeuka kahawia, madirisha ya mbao na nyavu, choo nje. Faida yake ni kwamba mjini anafika kwa miguu. Akishakabidhiwa funguo, swali ni moja: aikarabati chumba kwa chumba huku akiishi humo, au asubiri apate fedha za kuifumua yote kwa mkupuo?

Wanaotetea chumba kwa chumba huanza na mfuko, na hapo wana haki. Mikopo ya nyumba ipo, na sheria ya mwaka 2008 iliipa benki nguvu ya kuitoa, lakini riba bado inazidi asilimia 10 kwa mwaka na benki inataka hati. Nyumba nyingi za milimani zina leseni ya makazi tu, nyingine hata hiyo hazina. Kinachobaki ni mshahara, mgao wa kikoba na mauzo ya msimu, fedha zinazoingia vipandevipande. Januari ikifika na ada za shule, kazi inasimama na hakuna anayemdai mwenye nyumba. Anayehama kuwapisha mafundi analipa pango kwingine, na wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu au sita kwa pamoja. Halafu kuna saruji: mfuko uliokaa stoo masika nzima karibu na ziwa hugeuka jiwe. Anayenunua kidogo na kuitumia palepale hapotezi kitu.

Hoja yao ninayoipenda zaidi, ingawa wenyewe huitaja kwa nadra, ni muda. Mwanza imejengwa juu ya mawe, na msingi wa nyumba ya mlimani unaweza kukaa kona moja juu ya jabali, kona nyingine juu ya mchanga uliosombwa na mvua. Jabali halishuki. Mchanga unashuka, na ukuta ulio katikati hupasuka kwa mshazari, mara nyingi kuanzia kona ya dirisha. Katika nyumba ya miaka arobaini ufa kama huo huenda ulishatulia zamani, au bado unatembea. Kwa kuutazama siku moja huwezi kujua. Fundi makini hubandika kiraka chembamba cha plasta juu ya ufa, anaandika tarehe pembeni, kisha anaacha masika ya Machi hadi Mei ipite, na ikibidi vuli pia. Kiraka kikikatika, shida iko kwenye msingi. Kikibaki kizima, ufa ni wa kuziba tu. (Methali ya kuziba ufa, nakiri, haikutungwa Mabatini: anayeziba kabla ya kujua hulipia plasta mara mbili.) Mwenye kazi ya mkupuo hana nafasi ya kusubiri mvua, maana mafundi wameshapokea advansi.

Wapinzani wao nao hawasemi ovyo. Wanasema nyumba haijengwi kwa vyumba. Paa ni moja, umeme ni mmoja, bomba ni moja. Mtu anaanza na chumba cha kulala: plasta, dari ya jipsamu, rangi. Mwaka unaofuata anabadilisha bati, mafundi wa kenchi wanakanyaga juu ya dari mpya, mguu mmoja unatumbukia. Baadaye anataka waya mpya, na ukuta uliokwisha kupakwa rangi unachimbwa mitaro. Marumaru alizoweka mwanzo hazipatikani tena dukani. Hata zikipatikana, mzigo mpya hauoani rangi na ule wa kwanza. Mlimani ambako lori halifiki, mchanga unapandishwa kwa ndoo kichwani, na kupatana upya na wabebaji kwa kila kamzigo kadogo ni ghali kuliko kupatana mara moja.

Ila ushahidi wao mkubwa ni unyevu. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi. Mvua inateremka mwambani, inapiga ukuta wa nyuma, na maji yanapanda taratibu mpaka rangi inavimba. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anapiga plasta ya saruji kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Tofali zilizounganishwa kwa udongo zinahitaji kupumua. Saruji inafungia maji ndani, na haichukui misimu mingi plasta inabanduka mabamba kwa mabamba. Plasta ya chokaa ingefaa zaidi. Hata hivyo tiba yenyewe iko nje: mfereji wa kukinga maji upande wa mlima, gata, na kuondoa udongo uliolundikana ukutani. Kazi hiyo huwezi kuihesabu kama chumba chochote.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakosea pale zinapoichukulia nyumba nzima kama kazi ya aina moja. Maji ya nje, paa, umeme na bomba vifanywe kwanza, kila kimoja kwa nyumba nzima, hata kama ni kwa kuachia mwaka mmoja kati ya kazi na kazi. Mabomba ya waya yapite kwenye kuta zote siku moja, soketi zitafuata fedha zikija. Inauma, kwa sababu ni fedha nyingi zinazozikwa mahali pasipoonekana. Hakuna mgeni atakayesifu mfereji. Baada ya hapo, chumba kwa chumba ndiyo njia ya busara kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Zipo nyumba zisizoingia katika hesabu hii. Paa la asbesto haliezuliwi kipande kipande watoto wakiwa ndani, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani. Na nyumba ya ufukweni ianze na futi kamba: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ziwani, na kupanda kwa maji mwaka 2020, kufikia kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1960, kulionyesha kwamba hata ziwa lenyewe lina madai yake.

Kuhusu vyumba vyenyewe, wengi huanza na sebule kwa kuwa ndiyo wageni wanayoiona. Ningeanza na chumba kimoja cha kulala, familia ipate pa kukimbilia vumbi, kisha jiko na bafu kwa pamoja kwa sababu vinatumia bomba moja. Sebule iwe ya mwisho: kazi ikiendelea, humo ndimo zinamolala mbao na mifuko ya saruji, na kila fundi anapita na toroli lake.