Mjukuu wa Bucha

Malkia, mbwa wangu jike wa aina ya German Shepherd, alipoingia joto, nilimpeleka kwa dume wa jirani yangu hapa Arusha, mzee mstaafu aliyemsifu mbwa wake Kaizari kuliko alivyowasifu wanawe wa kuwazaa. Hatukupatana fedha, tulipatana kwamba watoto wakizaliwa, yeye ndiye atakayechagua mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote.

Walizaliwa saba: watano wanene wenye vifua vipana, na wawili wembamba waliokuwa wakilialia usiku kucha. Mzee alikuja na koti na bakora, akamwelekeza kidole aliye mnene kuliko wote. "Kijana wangu, damu haifichiki," alisema. "Huyu ni Kaizari mtupu."

Wanunuzi wa waliobaki walidai uthibitisho wa ukoo. Daktari wa mifugo aliwatenga watoto na mama yao ili maziwa na mate yasichafue sampuli, akawasugua ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba, akafanya vivyo hivyo kwa Malkia na Kaizari, kisha akapeleka vyote maabara.

Majibu alinisomea akijizuia kucheka. Katika kila eneo la DNA linalopimwa, mtoto hubeba nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na dume mmoja hana zaidi ya aina mbili za kurithisha. Zilipoondolewa nakala za Malkia na kujumlishwa za watoto wote saba, maeneo kadhaa yalibakiwa na aina tatu, hata nne. Akina baba, basi, hawakupungua wawili, jambo ambalo kwa mbwa si la ajabu, maana jike hukubali madume kwa siku kadhaa, na mbegu zao huweza kungojea mayai yapevuke. Kaizari alikuwa na watoto wawili tu: wale walialiaji.

"Ipimwe kwanza hiyo maabara!" mzee alifoka, akamkumbatia mnene wake.

Habari zilifika buchani kabla ya jioni. Mwenye bucha, ambaye mbwa wake Bosi hujulikana mtaa mzima kwa kuruka kuta, alilipia kipimo kwa fedha zake mwenyewe, na DNA ya Bosi ikaoana na ya wale watano katika kila eneo lililopimwa. Akaja akiwa bado na aproni.

"Shikamoo, mzee. Nasikia mwenye dume ndiye huchagua kwanza."

Akanyoosha kidole kwenye mapaja ya mzee, alipokuwa amelala Kaizari wa Pili, shingoni ana mkanda mpya wenye jina lake.