Mlowezi, Mwenyeji na Nadharia Inayowasoma

Tangu mwanahistoria wa Australia, Patrick Wolfe, aeleze katika kitabu chake cha 1999 kwamba uvamizi wa walowezi ni mfumo unaoendelea na si tukio lililopita, wahakiki wa fasihi na filamu wamepata chombo chenye makali: nadharia ya ukoloni wa walowezi. Mlowezi, tofauti na mkoloni anayekuja kuchuma na kurejea kwao, huja kukaa. Anachokitaka ni ardhi, na kwa hiyo mwenyeji huondolewa kwa bunduki, kwa sheria, au kwa kumezwa ndani ya jamii mpya mpaka asitambulike. Kinachobishaniwa ni iwapo chombo hicho kinafaa kusomea kazi za walowezi na za wenyeji kwa kiwango kile kile.

Kwa kazi za walowezi, sioni cha kukishinda. Katika riwaya ya Kate Grenville, The Secret River (2005), mfungwa wa Kiingereza aliyepelekwa New South Wales, Australia, anajitwalia ardhi kando ya mto Hawkesbury, anashiriki mauaji ya wenyeji, kisha anajenga nyumba ya fahari juu ya mwamba ambao wenyeji walichonga samaki. Wengi wameisoma kama hadithi ya majuto. Nadharia inatuonyesha kwamba majuto hayo yanakaa ndani ya nyumba ile ile, wala hayarudishi hata shubiri moja ya ardhi. Vivyo hivyo filamu ya Martin Scorsese ya 2023, Killers of the Flower Moon, kuhusu Waosage, wenyeji wa Amerika wa Oklahoma, waliouawa miaka ya 1920 kwa ajili ya haki zao za mafuta: njama ilipitia ndoa na mirathi, hivyo kuoa na kuua vikawa njia moja. Mshauri mmoja wa lugha ya Kiosage katika filamu hiyo alisema hadharani kwamba angependa isimuliwe kwa macho ya mke wa Kiosage, si ya mume mzungu aliyeshiriki njama.

Barani Afrika, hata hivyo, nadharia inapwaya. Mwanahistoria wa Marekani, Robin Kelley, alihoji mwaka 2017 kwa nini Wolfe aliiweka Afrika kando, ilhali walowezi wa Afrika Kusini walitaka ardhi pamoja na nguvukazi. Kenya ni vivyo hivyo: kodi ya kibanda na kipande, kitambulisho cha kazi alicholazimishwa Mwafrika kubeba, havikukusudiwa kumfuta mwenyeji, bali kumfikisha shambani kwa mzungu. Mhakiki anayesubiri kuona mtu akifutwa atampita mtumishi aliyesimama jikoni.

Watetezi, akiwemo msomi mwenye asili ya Hawaii, J. Kēhaulani Kauanui, wanajibu kwamba mfumo huendelea kwa sababu wenyeji hawajaisha, na kwamba uendelevu wao lazima usomwe pamoja na mfumo huo. Jibu hilo ni la haki, ingawa wanaomnukuu Wolfe kwa sentensi moja mara nyingi hulisahau. Katika riwaya ya That Deadman Dance (2010), Kim Scott, mwandishi wa Kinoongar, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Australia, anaonyesha watu wake wakiligeuza gwaride la wanajeshi wageni kuwa ngoma yao. Mwishoni Bobby, kijana mhusika mkuu, anawachezea walowezi ili kuwavuta, nao wanageuza nyuso. Nadharia inaeleza barabara kisogo kile; ngoma iliyolimeza gwaride, hapa wenyeji ndio waliomeza, haina jina ndani yake.