Shule ya msaada ng'ambo: saruji hupatikana, mshahara ndio kazi

Waumini wakichangishana kujenga shule kwa ajili ya watoto maskini wa nchi nyingine, fedha ya saruji na mabati haikawii kupatikana. Jengo hupigwa picha, huwekewa jiwe la msingi, huzinduliwa kwa dua. Mshahara wa mwalimu wa hisabati wa mwezi Machi, mwaka wa sita, haupigwi picha. Ndiyo maana swali la kama shule ya namna hii ijengwe au isijengwe halijibiki mpaka daftari la hesabu lifunguliwe.

Tulifungue. Shule inaanza na darasa la kwanza lenye watoto 40, na kila mwaka wanaingia 40 wengine. Elimu ya msingi ikiwa ya miaka saba, mwaka wa saba kuna watoto 280 na walimu wasiopungua 9: saba wa madarasa, mwalimu mkuu, na mmoja wa kushika zamu ya aliyeugua au aliye katika likizo ya uzazi. Ongeza mpishi, mlinzi na mhasibu. Upande wa pili, tuseme watu 100 waliahidi kutoa kila mwezi, na kila mwaka mtu mmoja katika kumi anaacha, kwa kustaafu, kuhama, kufariki au kuchoka tu. Mwaka wa saba unapoanza wamebaki 53. Matumizi yanapanda, mapato yanashuka, na mistari hiyo miwili hupishana mapema kuliko kamati ilivyodhani, mara nyingi kabla kundi la kwanza halijamaliza. Hapo hatujagusa thamani ya fedha: mchango unakusanywa kwa sarafu moja, mshahara unalipwa kwa nyingine, na mabadiliko ya bei ya sarafu hayasubiri kikao cha bodi.

Bodi ikibanwa hukimbilia ada. Mwanzoni huitwa mchango, tena mdogo. Watoto wa mafukara huondoka bila kufukuzwa, mmoja mmoja, na nafasi zao huchukuliwa na wa watumishi na wafanyabiashara ambao tayari walikuwa na shule nyingine. Bango la getini bado linasema ni shule ya wasiojiweza. Kinga yake inajulikana, ila haivutii wachangiaji: kwa kila kiasi kinachotengwa kwa ujenzi, kiasi hichohicho kitengwe kwa uendeshaji, akiba ya mishahara ya miezi sita isiguswe, na darasa jipya lisifunguliwe mpaka yaliyopo yawe na fedha ya miaka miwili mkononi, si ya ahadi.

Hata hivyo wanaotetea shule hizi wana hoja nzito. Kanisa au msikiti ulikuwapo mahali pale kabla ya mradi na utakuwapo baada yake. Shirika la mradi wa miaka mitatu halina sifa hiyo. Mfano ulio bora ni wa Venezuela. Mwaka 1955, katika mtaa wa mafukara wa Caracas, fundi mwashi Abraham Reyes alitoa sehemu ya nyumba yake ili José María Vélaz, padri Mjesuiti, aanzishe darasa. Fe y Alegría ikazaliwa, ikaenea Amerika ya Kusini na hata Afrika. Kilichoikuza ni mgawanyo wa kazi: jamii inatoa kiwanja na nguvu, watawa wanasimamia, na katika nchi nyingi serikali inalipa walimu. Afrika Mashariki ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine, pale Tanzania ilipotaifisha shule za misheni mwaka 1969. Waliojenga waliumia, lakini mishahara ya shule zile ilihamia kwenye bajeti ya taifa, mahali ambapo sadaka ya Jumapili haiwezi kufika.

Ubaya wa shule ya msaada huiangukia shule ya jirani. Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, Uganda mwaka 1997, Kenya mwaka 2003. Kwa hiyo mara nyingi shule ya bure tayari ipo. Shida yake huwa ni watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja, tuseme 90. Ukijenga ya pili kando yake na kulipa vizuri kidogo, unamchukua mwalimu wake bora, kisha unawachukua watoto wa wazazi wanaofuatilia, wale wanaohudhuria vikao na kuuliza maswali. Watoto 280 wamesaidiwa, tuseme 900 wa shule ya jirani wamepungukiwa, na ripoti inawahesabu wale 280 tu. Kabla ya kununua kiwanja, mtu atembee kwa miguu njia anayopita mtoto wa miaka saba, ajue shule iliyo karibu iko umbali gani, mto upi hufurika, darasa la kwanza lina wangapi. Pengo halisi mara nyingi liko pengine kabisa: elimu ya awali, sekondari ya wasichana, watoto wenye ulemavu, kambi za wakimbizi.

Tena si kila kinachoonekana msaada hufundisha. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia, Kenya, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa robo. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa katika utafiti mwingine wa Kremer na wenzake viliwasaidia waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango kilichowapita wengi. Kontena la vitabu vilivyotumika ng'ambo liko katika hali hiyohiyo, au mbaya zaidi.

Sasa dini yenyewe. Wakosoaji huuliza kama watoto watabadilishwa imani, na ni swali halali. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kuchagua aina ya elimu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 14, unalinda uhuru wa dini wa mtoto mwenyewe. Lakini mzazi fukara aliye na shule moja tu jirani hana cha kuchagua. Hivyo uamuzi utegemee mahali: penye shule nyingine, malezi ya dini yanaweza kuwa kamili; pasipo nyingine, kipindi cha dini kiwe cha hiari, tena cha mwisho wa siku, ili anayetoka asionekane anakimbia. Uji usigawiwe baada ya ibada. Fomu ya kujiunga isiulize ubatizo wala shahada ya Uislamu. Na tangazo la nafasi lisiishie mimbarini, maana maskini kuliko wote huenda hawaji hapo kabisa. Orodha ya viongozi wa kijiji na ziara za nyumbani huwapata.

Kwa Waislamu kuna jambo la kifiqhi, yaani la sheria ya dini, ambalo kamati za ujenzi hulipita haraka. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba, na wanazuoni walio wengi hawaoni kuta za shule ndani yake, ingawa wapo wa zama hizi wanaolipanua fungu la "fi sabilillah" (katika njia ya Mwenyezi Mungu). Njia salama ni jengo kwa wakfu na sadaka, na zaka kwa mtoto mwenyewe: sare, chakula, madaftari. Wakfu una faida nyingine. Madrasa za Nizamiyya, alizoanzisha waziri Nizam al-Mulk katika karne ya 11, ziliwekewa mali ya wakfu ambayo mapato yake yaliwalipa walimu na kuwakimu wanafunzi. Vyumba vichache vya kupangisha mjini vingeweza kuifaa shule kuliko chumba cha nane cha darasa, na hilo ni somo kwa Wakristo pia. (Juu ya picha: Mathayo 6:3 yataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, ilhali ripoti za wafadhili zataka uso wa mtoto, jina lake na kijiji chake, yaani kila kitu anachohitaji mtu mwenye nia mbaya.)

Jengo lenyewe lisidharauliwe kwa kuwa ni la bei nafuu katika hesabu ya miaka yote. Novemba 2008, huko Pétionville, Haiti, shule ya kanisa iliporomoka wakati wa masomo na kuua watu zaidi ya 90. Nondo hazikutosha, na hakuna nia njema inayochukua nafasi ya nondo. Zege la nguzo na mikanda liwe 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto, na maji yapimwe, kwa kuwa fundi hupenda zege la majimaji linalomiminika bila shida na ndilo dhaifu. Fundi anayetoa tofali 30 kwa mfuko wa kilo 50 na anayetoa 50 watakuonyesha tofali za rangi ileile. Mvua ndiyo huzitofautisha. Zimwagiliwe siku saba bila kukosa. Darasa la mita 7 kwa 9 ni mita za mraba 63, yaani 1.4 kwa kila mtoto wakiwa 45, na madirisha yawe pande mbili zinazotazamana. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28. Mvua ikianza kulipiga, mwalimu hunyamazishwa na kelele. Vyoo: tundu moja kwa wasichana 25, moja kwa wavulana 50 pamoja na mahali pa haja ndogo, na chumba chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani kwa ajili ya wasichana walio hedhini. Maji lita 5 kwa mtoto kwa siku ni lita 1,400 kwa watoto 280, bila kupika wala vyoo vya kuvuta.

Bweni ni hatari ya aina yake, na wafadhili hulipenda. Watoto wengi wanaoitwa yatima katika makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inataka umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia. Halafu kuna moto. Shule ya sekondari ya Kyanguli, Kenya, Machi 2001: wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Zimebaki karatasi, ambako shule nyingi hufa bila kelele. Bila usajili hakuna namba ya kituo cha mtihani, na mtoto wa darasa la mwisho huandikishwa kwa siri katika shule ya jirani. Hati ya kiwanja ikiandikwa kwa jina la mchungaji au shehe kwa sababu wageni hawaruhusiwi kumiliki ardhi, siku akifariki warithi wana kesi nzuri mahakamani. Iandikwe kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, yenye wenyeji wengi kuliko wageni, saini tatu benki, na mkaguzi wa nje kila mwaka. Mkataba na wafadhili uwe na kifungu cha kuondoka: notisi ya mwaka mzima wa masomo, nani anarithi majengo, na watoto wa darasa la tano wataendelea wapi.