Mgonjwa Kavuka Kanda Ngapi za Saa?

Kazi yangu ni kusoma mafaili ya wagonjwa baada ya daktari kumaliza kuandika, kisha kuyapa misimbo ya magonjwa. Majuzi nililetewa faili lenye mstari mmoja tu wa maana: "Hapati usingizi, mchana anasinzia, apewe dawa ya kulala." Basi. Nikaligeuza mbele na nyuma. Kwenye karatasi ya mapokezi, pembeni kabisa, muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Katoka safari Jumatatu." Safari ya wapi, hakuna aliyesema.

Nilichoweza kuweka ni G47.00, yaani ukosefu wa usingizi usiobainishwa, na moyo haukutulia. Toleo tunalotumia la orodha ya misimbo ya magonjwa, ICD-10-CM la Marekani, limeipa jetilegi, yaani usingizi kuvurugika baada ya kuvuka kanda za saa (maeneo ya dunia yenye saa tofauti) kwa ndege, msimbo wake wenyewe, G47.25, katika kundi la matatizo ya usingizi yanayotokana na saa ya mwili kwenda kombo. Lakini mimi si daktari. Siwezi kuokota neno "safari" pembeni mwa karatasi nikaligeuza kuwa ugonjwa. Ugonjwa hutajwa na aliyemwona mgonjwa. Na hata yeye akiandika "pengine ni jetilegi", mwongozo wa toleo hilo unakataza, kwa mgonjwa wa nje, kuweka msimbo wa jambo ambalo bado ni la kukisia. Utaweka dalili tu.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba nahangaikia kitu kidogo: jetilegi huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, ya nini kupoteza muda? Mimi naona hapo ndipo penye uzito. Jetilegi huisha, ila msimbo hauishi. Mtu aliyekosa usingizi juma moja kwa sababu ya ndege anabaki kwenye kumbukumbu kama mtu mwenye tatizo la usingizi lisilojulikana chanzo. Daktari atakayelifungua faili hilo mwaka kesho atakuta tatizo hilo na dawa za kulala chini yake, na ataanza kufikiria mambo ambayo hayakuwapo kamwe.

Tena tiba yenyewe ni tofauti. Saa ya mwili iko ndani ya ubongo, na kinachoirekebisha kuliko vyote ni mwanga. Kwa wengi wetu mzunguko wake wa asili unazidi kidogo saa 24, ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi, na ndiyo maana safari ya kuelekea mashariki hutesa zaidi ya ile ya magharibi. Mwanga ukipatikana wakati unaofaa huisogeza saa hiyo kunakotakiwa. Ukipatikana wakati usiofaa huisogeza upande usiotakiwa. Melatonini, homoni ya usingizi, nayo hutegemea saa ya kuimeza. Sasa daktari asiyeandika mgonjwa alielekea upande gani amempa mwenzake nini cha kufanyia kazi?

Urefu wa safari peke yake hausemi kitu. Kutoka Frankfurt hadi Cape Town ni takribani saa 12 angani, lakini tofauti ya saa baina ya miji hiyo haizidi 1. Abiria atashuka amechoka na miguu imevimba, ila saa yake ya mwili iko palepale. Vigezo vya jetilegi vinataka awe amevuka angalau kanda 2 za saa, dalili zianze ndani ya siku moja au mbili baada ya safari, na mchana wake uwe umeharibika kweli. Wahudumu wa ndege ndio hunitoa jasho, kwa sababu wanavuka kanda na wanafanya kazi za zamu. G47.25 au G47.26 ya kazi za zamu? Tarakimu moja tu, na jibu analo daktari aliyeuliza ratiba.

Ningependa kuona maandishi ya namna hii: "Amevuka kanda 7 kuelekea mashariki, amefika siku 3 zilizopita. Tangu usiku wa kwanza hashikwi na usingizi kabla ya 03:30. Amesinzia mara mbili kikaoni. Kabla ya safari alikuwa akilala vizuri. Hakoromi wala hakatiki pumzi." Ni mistari mitano tu. Na saa ziandikwe hivyo hivyo, kwa mfumo wa saa 24. Nimewahi kusoma "analala saa 8" nikabaki nimeshika kalamu: nane usiku kwa hesabu yetu, au 20:00?

Sitazami mfumo mmoja tu. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inaishia G47.2, haina tarakimu ya tano ya kuitenga jetilegi. ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imeipa nafasi yake, 7A65. Hata hivyo msimbo mpya hautasaidia kama faili bado linasema "hapati usingizi" na kunyamaza.

Nikarudi kwa daktari. Sikumwuliza "Je, ni jetilegi?", maana hilo ni kumtia jibu mdomoni, nasi tumekatazwa. Nilimwandikia: "Tafadhali fafanua chanzo cha ukosefu wa usingizi, kama kinajulikana." Alimpigia mgonjwa simu jioni hiyohiyo. Asubuhi nikakuta nyongeza kwenye faili, ina tarehe na saa ya siku ilipoandikwa, haikupachikwa juu ya maandishi ya zamani: kanda 6, mashariki, dalili tangu usiku wa kwanza, utambuzi jetilegi. Nikaifuta G47.00 kabla fomu ya madai haijaenda bima.