Kinga ya mwili ikigeukia mapafu: kila mgonjwa apimwe?

Kuna ubishi wa miaka mingi kwa madaktari wa kifua na mi naona unatuhusu sana, hasa wenye ndugu wanaolala na mtungi wa oksijeni pembeni. Mtu ana makovu kwenye mapafu, CT skani imeshaonyesha, kikohozi kikavu hakiishi, akipanda ngazi tano tu anahema. Je, apimwe otoantibodi, yaani zile antibodi zinazoacha vijidudu na kuushambulia mwili wenyewe? Wapo wanaosema kila mgonjwa apimwe, wengine wanasema mtajaza faili majibu ambayo hamjui mfanye nayo nini.

Wanaotaka wote wapimwe wana hoja nzito. Makovu yanaweza kufanana kabisa kwenye picha ila dawa zikawa tofauti kabisa. Kama chanzo ni skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani, dawa za kushusha kinga zinasaidia, ilionekana Marekani kwenye utafiti wa siklofosfamidi mwaka 2006, halafu 2016 maikofenoleti nayo ikasaidia na wagonjwa wakaivumilia vizuri zaidi. Sasa mchukue mgonjwa ambaye makovu yake hayana chanzo kinachojulikana, ile wanayoiita IPF, umpe dawa za kundi hilohilo. Miaka na miaka ndo ilikuwa tiba yake, prednisoloni na azathioprini, juu yake asetilisisteini, mpaka utafiti wa PANTHER ulipoupambanisha mchanganyiko huo na dawa bandia. Majibu yakatoka 2012: kati ya 77 waliopewa mchanganyiko walikufa 8, kati ya 78 wa dawa bandia alikufa 1, waliolazwa hospitali ni 23 kwa 7, na upande ule wa mchanganyiko ukasimamishwa kabla ya muda wake. Kwa hiyo ukikosea chanzo unaweza kumuua mtu kwa dawa uliyomwandikia kwa nia njema kabisa.

Haya, upande wa pili. Kipimo cha ANA, kinachotafuta antibodi dhidi ya viini vya seli za mwili wenyewe, ukikisoma kwa kiwango cha chini cha 1:40, yaani damu imezimuliwa mara 40 tu, karibu watu 3 kati ya 10 wenye afya zao wanaonekana wanazo. Kipimo cha RF, kile cha baridi yabisi, kinaweza kupanda kwa malaria, kinaweza kupanda kwa TB, na hayo ndo magonjwa tuliyonayo Afrika Mashariki, mtu anapewa karatasi imeandikwa pozitivu anaenda nyumbani anaamini ana lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili. Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo gumu kuliko yote: pafu likishaharibika sana, seli zinakufa, vya ndani vinamwagika nje, kinga inaviona kama vigeni na kuvitengenezea antibodi, kwa hiyo unachokipima kinaweza kuwa moshi wa moto uliowaka zamani kwa sababu nyingine. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba wavuta sigara wenye emfisema, yaani vifuko vya hewa vilivyoharibika, wana antibodi dhidi ya elastini, ile protini inayofanya pafu livutike, watu wakachangamka sana, wengine waliojaribu kurudia hawakupata hivyo.

Ila tusiende mbali tukasema zote ni moshi. Kuna ugonjwa ambao vifuko vya hewa vinajaa uteute wa mafuta na protini, na Wajapani walionyesha 1999 kwamba wagonjwa hao wana antibodi zinazozuia GM-CSF, kitu ambacho seli za usafi za mapafu zinakihitaji ili zifanye kazi. Pale antibodi ndo mkosaji mwenyewe, na mgonjwa anaoshwa pafu zima kwa maji ya chumvi akiwa usingizini, pafu moja linaoshwa huku lingine linapumua.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye makovu yasiyo na sababu apimwe, ila karatasi isisomwe peke yake. Mtazame mikono. Ngozi ya pembeni ya vidole imepasuka na kukakamaa kama ya fundi gari? Vidole vinabadilika rangi kwenye baridi? Asubuhi viungo vinachukua zaidi ya saa kulegea, macho na mdomo vikavu? Mwenye hayo hata ANA ikisoma hakuna bado usimwache, maana antibodi kama ya Jo-1, inayoendana na ugonjwa wa kinga wa misuli na mapafu, kipimo cha ANA kinaweza kisiione kabisa, na mapafu yanaweza kutangulia kuugua kabla ya misuli. Wataalamu wa Ulaya na Marekani nao 2015 walipoweka kundi la walio katikati, wenye dalili za kinga ila hazijatosha kuitwa ugonjwa kamili, walitaka ishara kutoka angalau sehemu 2 kati ya 3, yaani mwili, damu na picha, na kwa ANA za kawaida walidai 1:320 kwenda juu.

Asiye na ishara yoyote mwilini, ana 1:80 tu, na mapafu yameshachoka, huyo mi sioni kwa nini apewe prednisoloni ya miezi na miezi. TB iliyolala inaweza kuamka, sukari inapanda, mifupa inalika. Marekani iliidhinisha pirfenidoni na nintedanibu 2014, hizi zinapunguza kasi ya makovu bila kushusha kinga, na 2019 nintedanibu ilionekana kusaidia hata makovu yanayoendelea kwa sababu nyingine, zikiwemo za kinga. Bei ndo kikwazo, wengi hawaimudu. Na kama daktari akiona ni lazima ajaribu steroidi kama hiyo prednisoloni, basi TB iangaliwe kwanza, mgonjwa apulize mashine ya kupima nguvu ya mapafu kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu hivi, namba zikiwa hazijasogea dozi ianze kushushwa taratibu.