Siku Mteja Anaporudi na Mzigo

Nina miaka tisa Hamburg, na kila nikirudi Mwanza kinachonigusa kwanza ni namna tunavyokaribishana. Ukishuka stendi ya Nyegezi hujapiga hatua kumi umeshaitwa dada, shangazi, mayu. Ukiingia dukani unasogezewa stuli kabla hujasema unachotaka. Huku niliko, mtu wa kaunta anakusalimu kwa neno moja, anapitisha bidhaa zako mbio mbio, na ukichelewa kuzitia mfukoni foleni nzima inakukodolea macho. Mwezi wangu wa kwanza nilirudi nyumbani nikalia. Nilisema hawa watu hawajui biashara.

Sisemi hivyo tena, na kilichonibadilisha ni pasi ya umeme. Iliungua baada ya miezi saba. Nikaibeba na risiti yake mpaka dukani, nimejiandaa kwa ugomvi. Dada wa kaunta hakutabasamu hata kidogo. Aliangalia tarehe, akauliza kama nataka nyingine au fedha yangu. Haikufika dakika tano. Baadaye ndipo nilipojua kwamba haikuwa huruma yake peke yake: sheria ya Ujerumani inambana muuzaji mwenyewe, si kiwanda, kwa miaka miwili, na tangu 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kitu kilitoka dukani kikiwa kizima.

Desemba iliyopita nikamnunulia mama blenda katika duka moja pale mjini. Kijana alinichangamkia mpaka nikajisikia mgeni wa heshima. "Dada yangu, hii ni orijino, warantii mwaka mzima." Nikalipa shilingi 85,000. Siku ya nne ikatoa moshi. Niliporudi, kijana yule yule hakuinua macho kwenye simu. Kwanza bosi hayupo. Kisha, mmechomeka wakati umeme umepanda. Mwisho akanionyesha maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mama alikuwa pembeni yangu, amejifunga kanga yake ya kutokea, akanishika mkono akasema, "Twende, mwanangu." Sauti ile ndiyo iliyoniuma kuliko fedha, kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu aliyeshazoea.

Sheria na sisi tunazo. Ile ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo. Lakini mama yangu hatafunga safari kwenda tume kwa ajili ya blenda. Atanyamaza, halafu atawasimulia wanakwaya wenzake, na duka lile limeshawapoteza wote bila kujua.

Ndiyo maana semina za huduma kwa mteja zinazofundisha tabasamu na salamu peke yake naona zinatufundisha tunachokijua tayari. Msukuma afundishwe kusema mwangaluka? Sura ya biashara yetu inaharibika baada ya fedha kubadilisha mikono, na hapo ndipo pa kukazania.

Wapo wanaolijua hili bila semina. Katika soko la Mwaloni Kirumba kuna mama ambaye shangazi yangu hununua kwake dagaa miaka nenda rudi. Nilimkuta akimwambia mteja mgeni kabisa: "Hizi zimeanikwa chini, zina mchanga. Za kwenye chanja ni zile kule, bei imezidi kidogo." Aliusema mchanga wake mwenyewe, mbele ya watu. Mgeni akachukua za chanja, akaomba na namba ya simu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu huku Ujerumani sangara wetu anauzwa kwa jina la Viktoriabarsch, akiwa minofu tu, mara nyingi iliyogandishwa. Anayeinunua hajaona Bismarck Rock, lile jiwe letu la ziwani, wala hajui Mwanza iko wapi. Minofu ile ndiyo salamu yetu ya kwanza kwake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na wavuvi waliotumia sumu. Aliyevua kwa nyavu zake safi naye alizuiwa, maana mnunuzi wa mbali hana njia ya kumtenganisha na mwenzake. Duka moja linapomwaibisha mteja, jirani zake wa mtaa mzima wanaingia katika hesabu hiyo hiyo.

Kabla sijaondoka nilinunua blenda nyingine, Buzuruga, kwa mzee ambaye hata stuli hakunipa. Aliifungua boksi, akaichomeka, akasaga barafu mbele yangu. Kisha akageuza risiti, akaandika tarehe na namba yake kwa kalamu, akasaini. "Ikisumbua, mama aje kwangu mimi," akasema. "Asihangaike na mafundi."