Kabla hujamwita fundi wa alumini

Pita Milimani ya Nakuru mchana wowote utaziona nyumba za enzi ya ukoloni: paa la vigae lenye mteremko mkali, bomba la moshi, ukuta wa mawe ya kuchonga, madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Halafu utafika kwenye nyumba ambayo madirisha hayo yameng'olewa na mahali pake kukawekwa alumini ya kuteleza, kioo cha buluu. Ukuta ni ule ule na paa ni lile lile, lakini nyumba haitambuliki tena. Jambo hili linaniuma kweli, maana hakuna anayelazimishwa kulifanya.

Mimi huchora ramani za nyumba, Nakuru na huko Kisumu. Wateja wengi siku hizi hunionyesha kwenye simu picha za madirisha ya Kiingereza, yale ya mbao ya kuinua na kushusha, na kuniambia, "Haya ndiyo nataka." Huwa nafurahi, kwa sababu ni dirisha zuri mno. Lakini swali langu la kwanza huwa ni moja: nyumba yenyewe iko vipi?

Dirisha hilo lina fremu mbili zinazopishana, moja juu na moja chini. Kila fremu imening'inizwa kwa kamba zinazopita juu ya kapi na kushuka hadi kwenye vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya kisanduku cha mbao, kulia na kushoto. Vyuma vya fremu ya juu huzidi uzito wa fremu yenyewe kidogo, ndiyo maana haishuki ovyo. Vya fremu ya chini hupungua kidogo, nayo ikishafungwa hutulia. Likitengenezwa sawasawa, mtoto analiinua kwa mkono mmoja. Fundi akibadilisha kioo cha milimita 3 akaweka cha milimita 6, uzito wa kioo umeshakuwa maradufu. Asipoongeza na vyuma vya ndani, dirisha litakuwa linaanguka kila likiachiliwa.

Idadi ya vioo nayo haikuja hivi hivi. Katika nyumba za Uingereza za karne ya 18 utakuta vioo 6 juu na 6 chini, kwa sababu kioo kikubwa kilikuwa kigumu kutengeneza na ghali kununua. Kioo kilitozwa ushuru kwa uzito wake, na juu ya hapo kulikuwa na kodi ya madirisha iliyoanza mwaka 1696. Ushuru wa kioo uliondolewa mwaka 1845, kodi ya madirisha ikafuata mwaka 1851, na viwanda navyo vilikuwa vimejifunza kutoa vioo vikubwa. Ndipo nyumba za wakati wa Malkia Victoria zikaanza kuwa na vioo 2 juu na 2 chini. Vioo hivyo vilikuwa vizito, kwa hiyo maseremala wakaacha vipembe vya mbao vitokeze kwenye kona za fremu ili viungo visiachane. Mwanzoni mwa karne ya 20 kukaja mtindo wa vioo vidogo juu na kioo kimoja kikubwa chini. Kwa hiyo mtu anayeagiza "vile vya vioo 12" aviweke kwenye nyumba ya zege yenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta, amechanganya enzi mbili zisizojuana, na jicho la mpita njia litaliona hilo hata kama hawezi kulieleza.

Kwangu mimi, jambo linaloamua ni umbo la tundu la dirisha ukutani. Kuna dirisha lililosimama na kuna dirisha lililolala. La kuinua ni lazima lisimame: urefu wa kwenda juu uwe kama mara moja na nusu ya upana, hata mara mbili. Sasa angalia ramani zetu za kawaida. Tundu ni mita 1.5 kwa upana na mita 1.2 kwa kimo, yaani limelala. Ukilazimisha fremu za kuinua humo utapata kitu kipana na kizito chenye kukwama kila upande mmoja ukitangulia mwingine. Kama unalitaka kweli, ligawe tundu hilo liwe madirisha mawili au matatu membamba yaliyopangwa pamoja, au shusha kizingiti cha chini ungali unajenga. Linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ikishamwagwa, kwenda juu hakuna tena.

Nyumba za kulipokea zipo. Nyumba ya matofali ya kuchoma huko Kakamega au Vihiga, yenye dari refu, paa la mteremko na veranda mbele, italibeba vizuri sana. Bangalo la chini lenye paa pana halilihitaji. Hilo linataka madirisha ya bawaba, ya mbao au chuma, yenye vioo vilivyogawanywa kwa vijiti vyembamba. Na zile nyumba za Milimani zenye madirisha ya chuma zimeshachaguliwa dirisha lake tangu zilipojengwa. Kazi yetu ni kulitunza.

Najua jibu litakalokuja: chuma kinaoza. Kisumu, karibu na ziwa, nimeshuhudia mazungumzo haya kwa mwalimu mmoja mstaafu. Fundi alimwambia, "Mwalimu, hii imekwisha, tung'oe zote tuweke za kuteleza." Mwalimu akasimama dirishani na kumwuliza, "Imekwisha wapi, fundi? Nionyeshe." Fundi akakwangua rangi. Kutu ilikuwa kwenye chuma cha chini tu, pale maji ya mvua yanapotuama baada ya puti inayoshikilia kioo kupasuka. Juu na pembeni, chuma kilikuwa kizima. Wakakata kipande kilichooza, wakachomelea kingine, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, wakatia puti mpya, kisha rangi ya mafuta. Vioo vya zamani vikarudishwa mahali pake. Nilipenda sana kwamba mzee yule aliuliza swali moja tu, na swali hilo likaokoa sura ya nyumba nzima.

Halafu kuna hali ya hewa, na hapa Nakuru na Kisumu hazifanani hata kidogo. Nakuru iko juu, usiku ni baridi, na upepo hupenya kwenye kila upenyo. Dirisha la kuinua lisilo na ukanda wa kuziba upepo litakupuliza kitandani. Kisumu ni joto, na unataka hewa. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na la kuinua vilevile. La bawaba hufunguka karibu lote. Ila la kuinua lina faida yake: ukishusha la juu kidogo na kuinua la chini kidogo, hewa ya moto hutokea juu na ya baridi huingilia chini. Yale madirisha ya zamani ya chuma yalikuwa na matundu ya hewa yenye wavu juu yake kwa kazi hiyo hiyo, na inasikitisha kuona watu wakiyaziba kwa saruji. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupiga kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini.

Mbu na wadudu wa ziwani usiwasahau. Dirisha la kuinua halitoki nje wala haliingii ndani, kwa hiyo wavu hukaa upande wa nje siku zote bila kukusumbua. Grili ndiyo tatizo. Tumezoea kuziweka ndani, na kwa dirisha hili zitazuia mkono. Zichoree nje tangu mwanzo, na mistari yake ifuate vijiti vya vioo, zisije zikakata dirisha vipande vipande.

Kuhusu mbao sitasema mengi. Mvule ukiupata kihalali hauna mpinzani. Saipresi inafaa ikiwa imekauka vizuri na kutiwa dawa. Ikiwa mbichi itavimba mvua za Aprili zikija na fremu haitapanda wala kushuka. Na mwambie fundi wa rangi asizibe mifereji ambamo fremu hutembea, maana rangi nzito hapo hugandisha dirisha.

Kama nyumba yako ni ya kisasa kweli, kuta nyeupe zilizonyooka, paa halionekani, madirisha yamelala mapana, basi weka alumini bila wasiwasi. Hapo ndipo nyumbani kwake. Chagua fremu nyeusi au ya kijivu, kioo kisicho na rangi, na umwombe fundi apange vipande vyote vya mbele viwe na upana mmoja.